Mwili Haukupewa Nakala ya Barua

Barua yangu ya kustaafu ilitolewa nakala tatu. Moja ilikwenda kwenye jalada, moja kwa mhasibu, na moja nikakabidhiwa mkononi pamoja na saa ya ukutani. Mwili haukupewa nakala. Siku iliyofuata, saa tisa na nusu usiku, macho yakafunguka yenyewe kama yalivyofanya kwa miaka 31, na mguu wa kushoto ukawa unakanyaga shuka ukitafuta klachi.

Nilikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu. Miezi saba kabla ya barua hiyo nilikuwa nimemzika mke wangu. Miezi minne baada ya barua nikahamia nyumba ndogo (msinielewe vibaya, nasema nyumba yenye vyumba vichache), kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na milango mingi mno ya kufungua bila kumkuta mtu. Ndani ya miezi 11 mke, kazi na nyumba, vyote vilikuwa vimeniacha.

Sikulia sana. Niliumwa bega. Bega la mkono wa gia lilipanda likakaa karibu na sikio, na halikushuka hata nikiwa nimelala. Nilichua, nikakanda kwa maji ya moto, wapi. Mwishowe binti yangu akanipeleka kwa kijana mmoja wa fiziotherapia. Alilishika, akalizungusha, akanitazama usoni, akasema: "Mzee, bega hili halina kosa. Linasubiri gia."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Maisha yakibadilika, akili hupata taarifa mapema. Ndiyo inayosoma barua, ndiyo inayosaini, ndiyo inayopokea pole za watu. Mwili huwa wa mwisho kujua. Unaendelea na ratiba ya zamani: unaamka saa ileile, unakaza misuli ileile, unanyoosha mkono upande wa kitanda usio na mtu. Na huwezi kuuhutubia. Lugha unayoielewa ni mwendo, tena mwendo wa taratibu kiasi cha wewe mwenyewe kuuhisi unavyopita. Ninayoyaandika hapa ni namna ya kuupa mwili nakala yake. Si mazoezi ya kupunguza tumbo. Langu bado lipo.

Pima mzigo kwanza

Kijana yule alinionyesha orodha iliyotolewa mwaka 1967 na wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe. Ina matukio 43 ya maisha, na kila tukio limepewa alama kulingana na jinsi linavyomlazimu mtu kujipanga upya. Kufiwa na mwenzi, alama 100. Talaka, 73. Kustaafu, 45. Kuhama makazi, 20. Walichokiona ni kwamba kadiri alama zinavyorundikana ndani ya muda mfupi, ndivyo uwezekano wa mtu kuugua unavyopanda. Nikajumlisha zangu: 165, na hapo sijagusa usingizi.

Watu hawafanani, na sidhani kama kuna mizani ya kupimia msiba. Kilichonigusa ni kingine: kufunga ndoa kumo humo, alama 50. Kuongezeka mtu katika familia, 39. Yaani hata la heri lina kilo zake. Binti yangu alijifungua mtoto wa kwanza mwaka huohuo, akawa anaona haya kusema amechoka, eti kwa kuwa alikuwa amemwomba Mungu mtoto huyo kwa muda mrefu. Nilimpigia simu kumwambia amebeba 39. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akalia kidogo.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika yote yaliyobadilika kwako katika miezi 12 iliyopita, makubwa na madogo. Usiishie kwenye kazi na ndoa. Andika pia mtu uliyekuwa ukimpigia kila jioni, njia uliyozoea kupita, kiti chako. Ukimaliza ikunje uiweke. Usianze kutatua chochote. Karatasi hiyo ina kazi moja: siku ukishindwa kunyanyuka kitandani, isikupite akilini kwamba wewe ni mvivu.

Kabla hujaanza

Kama kifua kinauma, unahema bila kufanya kazi, unazungukwa na kizunguzungu ukisimama, umefanyiwa upasuaji karibuni, una mfupa uliovunjika au umejifungua juzijuzi, mwone kwanza mhudumu wa afya. Na ukiwa katikati ya zoezi, msuli kuvutika ni sawa. Kuchoma, kudunga au kufa ganzi si sawa, acha.

Ukaguzi wa gari

Dereva wa kweli hatoi basi bila kulizunguka. Unagonga tairi, unachungulia chini kama kuna mafuta yanayovuja, unawasha taa, unakanyaga breki. Wakati huo hurekebishi kitu. Unatazama tu ili ujue leo unaondoka na gari la namna gani, maana gari la jana si la leo.

Fanya hivyohivyo na mwili, kila siku, dakika tatu. Keti ukingoni mwa kitanda au kwenye kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili sakafuni. Anza na matairi: unyayo upi umebeba zaidi? Vidole vimekunjwa au vimelala? Panda kwenye makalio: umeegemea upande gani? Tumbo limeachiwa au limevutwa ndani kama la mtu anayepigwa picha? Mabega yako wapi? Mikono imeshika nini? Kisha taya, na hapa kaa zaidi. Mdomo ukiwa umetulia, midomo hugusana lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Yangu yalikuwa yameng'atana tangu msiba, na sikujua mpaka nilipoulizwa. Malizia na macho: yanatazama, au yanakodoa?

Wiki mbili za kwanza nilikosea jambo moja ambalo nadhani kila mtu hulikosea. Nikigundua bega limepanda, nalishusha kwa nguvu. Linashuka. Nikigeukia taya, bega limesharudi juu. Nikamlalamikia kijana. "Usilishushe, mzee. Lione tu liko wapi." Niliona ananizungusha, lakini nikajaribu. Nikasema kimoyomoyo: bega la gia, liko juu, limekaza kuelekea shingoni. Basi. Pumzi ya tatu au ya nne likalegea lenyewe, si lote, kama mtoto aliyejua kuwa ameonwa.

Kuna sababu. Mtu akiwa katika mabadiliko, mwili humwaga adrenalini na kortisoli, homoni za dharura. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, misuli inakaza ikijiandaa kukwepa ng'ombe aliyekatiza barabara. Kwa ng'ombe mmoja ni jambo zuri sana. Tatizo ni kwamba mimi nilikwepa ng'ombe huyo kwa miezi 11. Ni sawa na kuendesha safari nzima kwa gia ya kwanza: injini inaunguruma, mafuta yanakwisha, na hufiki. Ukilivuta bega kwa nguvu unaongeza moto juu ya moto. Ukilitazama bila kuligombeza, mwili unaanza kusadiki kwamba barabara ni nyeupe.

Breki iko kwenye kutoa pumzi

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hapa tunashuka hadi mara sita. Ingiza hewa kwa puani ukihesabu moja hadi nne, itoe ukihesabu moja hadi sita. Hizo ni sekunde kumi. Mara sita, dakika moja imekwisha.

Usivute hewa nyingi. Wengi wakiambiwa wapumue hutanua kifua kama wanataka kupiga mbizi, kisha kichwa kinawazunguka. Vuta kidogo na chini. Weka kiganja juu ya kitovu: kiganja kisogee, kifua kitulie. Ukitaka ushahidi, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Unapoingiza hewa mapigo huenda haraka kidogo, unapoitoa hupungua. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi, inatoka kwenye ubongo inapita moyoni hadi tumboni, nayo ndiyo breki ya moyo. Unapotoa pumzi inakanyagwa kidogo. Nilipoambiwa hivyo nikaelewa kwa nini mtu aliyeponea chupuchupu husema "phuuu" bila kufundishwa.

Lakini wapo watu ambao wakifuatilia pumzi zao huzidi kuogopa, hasa waliopitia jambo la kutisha. Kama ndiwe, acha pumzi ijiendee. Peleka akili kwenye nyayo, au tazama kitu kimoja mbele yako uhesabu rangi zake. Hujapungukiwa na kitu.

Binti yangu alinipigia siku moja nikiwa katikati ya hesabu, sikujibu haraka. "Baba, mbona kimya? Unapumua kweli?" Nikamwambia ndiyo kazi ninayoifanya.

Kusogea kwenyewe

Mazoezi ya namna hii si uzushi wa juzi. Wachina wana taijiquan, Wahindi wana yoga. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kuwa makini na mwili wao. Mimi ninayempenda zaidi ni Moshé Feldenkrais, kwa sababu alikuwa mhandisi. Aliumia goti, akakaa kuchunguza mwendo wake mwenyewe kama fundi anayesikiliza injini, sauti inatoka wapi. Kanuni yake ni hii: fanya kidogo na polepole, kwa sababu nguvu zikiwa nyingi huhisi tofauti. Ukiwa umebeba gunia hutajua kama nzi ametua juu yake. Ukiwa umebeba karatasi utajua.

Kwa hiyo, kwa yote yanayofuata, fanya nusu ya unachoweza. Kama shingo inageuka hadi hapa, igeuze nusu yake. Na kasi yako, yoyote ile, ipunguze tena.

Keti palepale ulipofanyia ukaguzi.

Zoezi namba moja, vifundo vya miguu. Inua visigino huku vidole vikibaki chini. Vishushe. Inua vidole huku visigino vikibaki. Vishushe. Kisha mguu mmoja mmoja, kwa kupokezana, kama kanyagio mbili. Mara kumi. Mimi nilianzia hapa kwa kuwa miguu ndiyo iliyokuwa na kiu ya kazi. Wewe anzia kwenye kiungo kilichokuwa na kazi katika maisha yaliyopita: mikono kwa fundi cherehani au mchapaji, mgongo kwa aliyekuwa akibeba mtoto au mgonjwa.

Namba mbili, mabega. Unapoingiza hewa yainue taratibu kuelekea masikioni, nusu tu. Unapotoa yaache yashuke yenyewe; usiyasukume. Mara tano. Halafu yazungushe kwa nyuma, duara dogo.

Namba tatu naiita kutazama vioo. Kwanza macho yanakwenda upande mmoja, kama unatazama kioo cha pembeni. Kichwa kinafuata. Kifua kinafuata kidogo. Unapohisi kizuizi cha kwanza, simama hapo, pumua mara moja, rudi. Upande wa pili. Kwa miaka 31 macho yangu yalikwenda kwenye vioo peke yake. Shingo ilibaki mbele kama mlingoti. Nilipogeuza shingo yote kwa mara ya kwanza nilisikia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Usikitupe kichwa nyuma wala kukizungusha duara zima.

Namba nne ni kuinuka na kuketi, na kama una nafasi ya zoezi moja tu, chagua hili. Rudisha nyayo chini ya magoti. Inama mbele kuanzia nyongani, uhisi uzito ukihama kutoka makalioni kwenda miguuni. Inuka ukihesabu nne. Simama, pumua mara moja, uhisi urefu wako. Kisha keti ukihesabu sita, bila kujitupa. Kazi kubwa iko kwenye kuketi, maana paja linabeba mwili huku likirefuka. Mara tano zatosha. Ukihitaji, shika meza.

Nimeandika mara tano kirahisi, ila nina la kusema juu yake.

Likija katikati

Wiki ya tatu, mara ya nne kuinuka, nilishikwa na kilio ambacho hakikunijia hata makaburini. Ilinichukua muda kujua kimetoka wapi. Mke wangu aliugua miezi mitano, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnyanyua kitini. Nilikuwa nasimama mbele yake, nyayo zangu zikizuia nyayo zake zisiteleze, tunahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, juu. Mapaja yangu yalikumbuka kazi hiyo kabla yangu. Kila nilipoinuka, yalikuwa yanainua wawili.

Haya yatakupata, kwa sura nyingine. Unanyoosha mkono na unakumbuka mtoto aliyekuwa akiushika. Unalala chali na hofu inakuja. Likija, usilifukuze na usilikazanie. Simamisha mwendo. Keti. Fungua macho. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote, shika kitu kigumu kama meza au ukuta. Taja vitu unavyoviona: dirisha, kikombe, viatu. Acha yapite kwa muda wake. Si lazima umalizie mara ya tano. Siku ile sikuimalizia.

Nilimwuliza kijana kama nimerudi nyuma. Akaniambia kuna watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 walieleza kuwa mwombolezaji hatembei kwa hatua zilizonyooka. Anakwenda na kurudi: saa hii yuko na aliyempoteza, saa ijayo yuko kwenye kujenga maisha mapya, kisha anarudi. Pande zote mbili ni kazi, na kupumzika kutoka upande mmoja hadi mwingine ndiko kunakomwezesha. Hilo lilinitoa kongwa shingoni, maana nilikuwa nikicheka na mjukuu jioni, usiku najihukumu. Siku hizi asubuhi nafanya mazoezi, jioni nikitaka nafungua kasha lake la barua. Sichanganyi.

Kutembea

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kilichonifurahisha ni kwamba zamani walitaka kila kipande kiwe dakika kumi au zaidi. Sasa kila dakika inahesabiwa. Mimi nilianza na nne, hadi mwisho wa mtaa na kurudi.

Weka simu mfukoni. Kwa dakika ya kwanza fuata unyayo mmoja tu: kisigino kinagusa, uzito unapita ukingoni, kidole gumba kinasukuma. Kisha hesabu hatua ngapi zinaingia katika pumzi moja, bila kuzilazimisha. Akili ikikimbilia kwenye madeni, na itakimbia, irudishe kwenye kisigino bila kuitukana. Kurudisha huko ndiko zoezi lenyewe.

Kama umehama, pita njia ileile wiki nzima mpaka miguu ijue mashimo yake, halafu wiki inayofuata badilisha kona moja. Ndivyo mwili unavyopata ramani mpya. Utaona haya mwanzoni, hasa kama ulizoea kutembea ukiwa na shughuli. Jirani mpya aliniuliza kila siku, "Unakwenda wapi, mzee?" Nikamjibu, "Nakwenda kurudi." Baada ya wiki akawa ananisindikiza.

Saa tisa na nusu usiku

Ile saa ya ukutani niliyozawadiwa niliitundika chumbani, kwa heshima. Lilikuwa kosa kubwa. Kila nikishtuka naitazama, nikiitazama napiga hesabu ya saa zilizobaki, na nikimaliza hesabu usingizi umeshaondoka. Sasa iko ukumbini. Ukiamka usiku usitafute ni saa ngapi.

Palepale kitandani, fanya kitu ambacho daktari Edmund Jacobson wa Marekani alikuwa akikifundisha tangu miaka ya 1920: kaza msuli ili uujue unapolegea. Kunja vidole vya miguu kwa sekunde tano, viachie, na utulie sekunde 15 au 20 ukihisi tofauti. Panda: mashavu ya miguu, mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mabega, uso wote ukunje kama umelamba ndimu. Kaza kwa nusu ya nguvu. Kwenye mashavu ya miguu kuwa mpole zaidi, yasije yakashikwa na mkakamao ukaamsha nyumba. Mimi mara nyingi sifiki kwenye ngumi.

Kama unahisi umekaa macho dakika 20 hivi, toka kitandani, keti kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikuita. Na hata kama ulilala kwa saa tatu tu, amka muda uliojipangia na utoke nje upate mwanga wa asubuhi. Saa ya ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga kuliko kitu kingine chochote.

Vidogo vya kujitunza

Kula kwa saa, hata kama hamu haipo. Maji karibu. Mtu mmoja, mmoja tu, anayejua kweli hali yako. Na jambo moja kwa wiki la kulikatalia, bila maelezo marefu.

Kwangu mimi lililonirudisha ni ndevu. Nilikuwa nimeziacha. Kunyoa nako ni mwendo: maji ya uvuguvugu, kiganja shavuni, wembe unashuka, unausuuza. Nikanyoa kama vile nakagua basi, bila haraka, nikamwona mtu kwenye kioo. Tulikuwa hatujaonana siku nyingi.

Kama mabadiliko yako si kama yangu

Aliyejifungua: anza na pumzi na matembezi mafupi, mengine yasubiri ruhusa ya mkunga au daktari. Damu ikiongezeka baada ya kutembea, umezidisha. Punguza na umweleze. Anayeelekea kukoma hedhi, ambako kwa wengi huwa kati ya miaka 45 na 55: mifupa hupungua uzito kipindi hicho, kwa hiyo usiache kuinuka-na-kuketi na kutembea. Aliyepoteza kazi: fanya ukaguzi saa ileile uliyokuwa ukitoka nyumbani, ukiwa umeshavaa. Anayeuguza mtu: huna dakika 20 na usijilaumu, una dakika mbili unapoosha vyombo. Achia taya, achia mabega, hisi nyayo.

Itachukua muda gani

Watafiti wa London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tabia haijajiendea yenyewe, lakini wengine siku 18 na wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kilichosaidia ni kuifunga tabia kwenye jambo lililokwisha kuwepo. Mimi nilifunga ukaguzi kwenye mswaki: nikiutundika, naketi. Mswaki ndio peke yake uliokuwa haujabadilika.

Kuna mahali ambapo haya yote hayatoshi. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, huzuni haikuachi au hakuna kinachokufurahisha, huli, hulali, au unaona unatafuta pombe ili usihisi, nenda hospitali ueleze hivyohivyo. Na kama inakujia fikra ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili wala kesho. Mwambie mtu leo, na akae nawe mpaka mfike kwenye msaada. Mimi nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la kusubiri nikifanya zoezi la vifundo, na mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaanza kuniiga bila kuuliza.

Bega limeshuka, ingawa siku nikipanda basi kama abiria linapanda kidogo dereva anapobadilisha gia. Mguu wa kushoto haujaacha kabisa. Mara moja moja, hasa usiku wa mvua, unaanza kukanyaga. Siuzuii. Naugeuzia zoezi namba moja: kisigino juu, kisigino chini, mara kumi, kisha tunalala.